Nani Alibeba Maji

Ludwig Purtscheller alitimiza miaka 40 akiwa juu ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro. Ilikuwa tarehe 6 Oktoba 1889, na mwalimu huyu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg hakuwa mgeni wa barafu. Alikwisha kupanda milima ya Alps kwa miaka mingi, mara nyingi bila kukodi mtu wa kumwongoza. Siku tatu kabla ya hapo yeye ndiye aliyetangulia kwenye mteremko wa barafu, shoka mkononi, akichonga vidato vya kukanyagia kimoja baada ya kingine. Siku hiyo ya kwanza yeye na mwenzake walifika ukingoni mwa kreta wakiwa wamechoka mno, wakaona kwamba ncha ya juu kabisa iko upande wa kusini na jua halitawangoja. Wakashuka, wakapumzika, wakarudi. Vidato vilikuwa vingali pale.

Aliyekanyaga nyuma yake ni Hans Meyer wa Leipzig, kijana wa miaka 31 kutoka ukoo wa wachapishaji matajiri. Meyer alitoa fedha, Meyer aliandika kitabu, na Meyer ndiye aliyekipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Wanajiografia walipokuja kugawa majina kwenye vilele vya Mawenzi, ambavyo wawili hao walivijaribu na vikawashinda, ncha ndefu kuliko zote, mita 5,149, iliitwa Hans Meyer. Iliyofuata kwa urefu ikaitwa Purtscheller. Hata pale ambapo wote wawili walishindwa, mchonga vidato aliwekwa wa pili.

Na huyo wa pili alibahatika. Yupo wa tatu, ambaye hana kilele wala barafu. Anaitwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Wapagazi wengine waliposhushwa kwa sababu ya baridi, yeye alibaki juu na wazungu wawili kwa zaidi ya wiki mbili kwenye kambi iliyokuwa mita zaidi ya 4,000 kutoka usawa wa bahari, akiwasha moto, akipika, akilinda hema wakati wao wakihangaika na Kibo. Mtu wa Pangani, mji wa minazi na joto la bahari, ambao miezi mitatu tu nyuma ulikuwa umetwaliwa na majeshi ya Kijerumani ya Wissmann! Tunalijua jina lake kwa sababu Meyer, kwa heshima yake, alilitaja.

Ili kuona uzito wa mtu kama huyo, ni vizuri kurudi nyuma kidogo kwenye safari mbili zilizovunjika.

Mwaka 1887 Meyer alipanda Kibo kwa mara ya kwanza, akiwa na mwenzake von Eberstein. Wapagazi waliotoka pwani waliishia njiani, Eberstein akaishiwa nguvu, na Meyer akaendelea peke yake mpaka alipokutana na ukuta wa barafu. Hakuwa na vifaa, na hakuwa na mtu wa kushika ncha ya pili ya kamba. Akageuka. Mwaka 1888 akarudi na Oscar Baumann na msafara mkubwa, lakini huo ndio mwaka ambao pwani iliwaka kwa vita dhidi ya Wajerumani. Wapagazi wengi walimtoroka Usambara, na yeye na Baumann walipokuwa wakirudi kuelekea Pangani wakatiwa mbaroni na watu wa Abushiri bin Salim, wakafungwa minyororo mpaka walipokombolewa kwa fedha. Mtu yule yule, mlima ule ule, fedha zile zile za Leipzig. Walipoondoka watu waliokuwa wakimbebea, hakuuona hata mguu wa mlima.

Mara ya tatu alikuja amejifunza. Alipita Mombasa badala ya Pangani, akapiga kambi kuu Marangu kwa Mangi Marealle, mtawala wa huko, ambaye alikuwa na sababu zake mwenyewe za kumkaribisha mgeni mwenye bunduki na zawadi, maana jirani yake wa Moshi, Mangi Rindi Mandara, hakuwa wa kuchezea. Kisha Meyer akafanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko kupanda kwenyewe. Aliweka kambi ya kati mwishoni mwa msitu na kambi ya juu kwenye tambarare kati ya Kibo na Mawenzi, akapanga watu wa kupandisha chakula na kuni kutoka Marangu kila baada ya siku chache. Von der Decken na Kersten walikuwa wamefika mita 4,280 hivi mwaka 1862 wakarudi. Kabaila Teleki wa Hungaria akafika mita kama 5,300 mwaka 1887 akarudi. Wote walipanda kana kwamba mlima ni wa kuvamia mara moja. Meyer alikaa kwenye mlima, na kukaa huko kulibebwa kichwani na Wachagga na watu wa pwani, ndizi kwa ndizi, mzigo kwa mzigo wa kuni.

Wapagazi hao ni akina nani? Hapo ndipo Marangu ina hadithi yake, nayo si nyepesi.

Mwaka 1989, miaka 100 ilipotimia, kamati ya maadhimisho ilitaka kuwatambua Waafrika waliokuwa na Meyer. Wakamwendea mzee mmoja wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo. Simulizi inayopendwa inasema kwamba akiwa kijana wa miaka 18 hivi aliitwa kwa Mangi wakati wageni walipokuwa wakitafuta mtu anayejua njia, naye akachaguliwa kwa kuwa watu wa ukoo wake walizoea msitu, kuwinda, kurina asali na kuchuma dawa. Mzee Lauwo mwenyewe hakujua alizaliwa mwaka gani. Alikumbuka kwamba alipanda mlima mara tatu kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kwamba alipanda bila viatu, na kwamba kulikuwa na daktari Mholanzi. Meyer na Purtscheller hakuwakumbuka. Kamati ikapiga hesabu zake, ikaamua kwamba alikuwepo, na kwa hiyo alizaliwa mwaka 1871 au hapo karibu. Akajengewa nyumba. Alifariki tarehe 10 Mei 1996, na kwa hesabu ile alikuwa na miaka 125.

Wanahistoria wametilia shaka, na wana haki. Lakini angalia kilichotokea: kwa miaka 100 karibu hakuna aliyewauliza wapagazi majina yao, kisha karne ilipotimia likatafutwa jina moja la kufidia yote. Mzee wa watu akatwishwa mzigo wa wenzake wote, akafanywa nyota kwa nguvu. Mimi sioni aibu yoyote kwake. Mtu aliyepanda barafu ya Kibo peku mara tatu anastahili nyumba, awe alikwenda na Meyer au na daktari Mholanzi.

Majina ya mlimani yana mpangilio wa ajabu ukiyatazama kwa utulivu. Barafu za kusini zina majina ya Rebmann, Decken na Kersten. Ukingoni mwa kreta kuna Gillman's Point, jina la mhandisi Clement Gillman, na kuna Stella Point, jina la Stella Latham aliyefika hapo na mumewe miaka ya 1920. Kreta ya ndani ni ya Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyefundisha Marangu na kupanda mara nyingi kiasi kwamba ilionekana haya kutompa kitu. Reusch alikuta mzoga wa chui ulioganda karibu na ukingo mwaka 1926, chui yule yule aliyeingia baadaye kwenye hadithi ya Hemingway ya mwaka 1936. Mahali alipolala pakaitwa Leopard Point. Basi chui aliyepotea njia ana mahali pake kwenye ramani, na mpagazi aliyembebea Reusch maji hana.

Uhuru ulibadilisha baadhi ya hayo. Kibanda cha Bismarck kikawa Mandara, na kibanda cha Peters kikawa Horombo, kwa jina la Mangi wa Keni aliyewahi kuitikisa Uchagga kabla hajafika mzungu yeyote. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Gwebe Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge pale juu, na Kaiser-Wilhelm-Spitze ikawa Uhuru. Picha ya Nyirenda imewalea Watanzania wa vizazi vitatu. Ni picha ya mtu mmoja. Kupandisha mwenge, bendera na vyakula mita 5,895 usiku wa Desemba si kazi ya mtu mmoja, na waliopanda naye walijua hivyo kuliko sisi. Na hata majina mapya yalikwenda kwa watawala na kwa taifa. Mbeba mizigo aliendelea kubeba.

Wapenzi wa mpira wa kikapu wanaujua ugonjwa huu wa kumsifu mmoja kwa kazi ya wengi vizuri kuliko wapanda mlima, kwa sababu wao hubishana juu yake kila siku. Michael Jordan aliingia Chicago mwaka 1984, akafunga vikapu kama mvua, na misimu ikapita bila ubingwa. Scottie Pippen alikuja mwaka 1987, na ubingwa wa kwanza ukaja mwaka 1991. Anayempanga Jordan dhidi ya LeBron James kwa hesabu ya pete za ubingwa peke yake anapanga timu mbili huku akidhani anapanga watu wawili.

Sisi tuna mfano wetu wenyewe, tena unauma. Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye futi 7 na inchi 3, akiwa wa pili katika wachezaji wapya wote wa NBA mwaka ule. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Tangu hapo Thabeet amekuwa mzaha wa kudumu kwa watu wanaopenda kupanga orodha. Sitadai kwamba angekuwa Curry. Lakini Curry alikwenda mahali ambapo mwaka 2011 aliletewa Klay Thompson na mwaka 2012 Draymond Green, wakajengana pole pole mpaka ubingwa wa 2015. Thabeet, aliyeanza kucheza akiwa tayari kijana mkubwa, alipelekwa timu ambayo nafasi yake ilikuwa imeshikwa na Marc Gasol, na kabla ya msimu wa kwanza kwisha alishushwa kwenye ligi ya chini. Mtu mmoja alipewa kambi ya kati na kambi ya juu, mwingine akaambiwa apande.

Nirudi mlimani, kwa sababu kiwanja cha kikapu hakitupi nafasi ya kupima jambo hili kwa saa. Mlima unatupa.

Kwanza mtu aelewe jinsi Kilimanjaro inavyopandwa leo. Mtalii mmoja anaweza kuwa na watu kadhaa nyuma yake: mwongozaji, msaidizi wake, mpishi, na wapagazi, ambao mjini Moshi hujiita wagumu. Asubuhi mgeni huondoka kambini na chupa ya maji na koti la mvua. Wagumu hubaki wakivunja hema, kisha humpita njiani wakiwa na mtungi wa gesi, meza, viti, trei za mayai, siku hizi hata choo cha kubebeka, ili atakapofika kambi inayofuata akute hema limesimama na maji ya moto yako tayari. Kikomo cha mzigo ni kilo 20, na kuna mizani langoni. Kikomo hicho hakikuja chenyewe. Shirika la kuwasaidia wapagazi, KPAP, lililoanza Moshi mwaka 2003, limehangaika miaka yote hiyo na mambo matatu ambayo ukiyasikia unadhani ni ya 1889: mzigo usizidi, mtu apate nguo za kuzuia baridi, na ujira ulipwe. Kwa muda mrefu kiwango cha chini walichopendekeza kilikuwa shilingi 20,000 kwa siku, na si kampuni zote zilizokifikia. Mgeni, kwa upande wake, hulipa maelfu ya dola kwa wiki moja.

Wapo waongozaji wa Marangu na Machame waliofika Uhuru mara mamia. Hesabu zao hazimo katika kitabu chochote, kwa sababu kwao ni kazi, na kazi haina rekodi.

Aliyeuvuka mpaka huo kati ya kazi na rekodi ni Simon Mtuy, mtoto wa Mbahe, kijiji cha Marangu kilicho juu, karibu na msitu. Aliongoza watalii, akajifunza mbio ndefu, akaenda California kukimbia zile za maili 100, akafungua kampuni yake mwenyewe ya utalii. Mwaka 2001 Mwitaliano Bruno Brunod alikuwa ameshapanda kwa njia ya Marangu mpaka kileleni kwa saa 5 na dakika 38, na wakimbiaji wa Ulaya walianza kuutazama mlima huu kwa jicho jingine. Mwaka 2004 Mtuy alipanda kwa njia ya Umbwe, iliyo fupi na kali kuliko zote, akafika juu na kurudi chini kwa saa 8 na dakika 27. Njiani walikuwepo watu wa kumpa maji na chakula.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi hawakuliona umuhimu wake. Mwaka 2006 alirudi Umbwe, safari hii bila msaada wa mtu. Alibeba maji yake, chakula chake na nguo zake kuanzia langoni, akapita mizizi ya msitu, akapita mawe ya Barranco, akafika Uhuru na kushuka. Muda wake ulikuwa saa 9 na dakika kama 20.

Mtu yule yule, mlima ule ule. Tofauti ni karibu saa nzima. Najua upepo haufanani siku mbili, wala tumbo la mtu, kwa hiyo sitasema kwamba tumepata uzito kamili wa wasaidizi kama unavyopimwa langoni. Lakini sijui mahali pengine katika historia ya mlima huu ambapo nyota amejiondolea wenzake kwa hiari na kutuonyesha saa. Meyer alilazimishwa kufanya hivyo mwaka 1888 na hakufika popote. Mtuy alichagua, akafika.

Nadhani ni kwa sababu alikuwa anazijua pande zote mbili za mzigo. Mkimbiaji kutoka nje huona kituo cha maji njiani na kunywa. Aliyekulia Mbahe humwona mtu aliyeamka saa 9 usiku kuyapandisha.

Septemba 2010 akaja Kilian Jornet wa Catalonia, aliyekuwa na miaka 22 tu: saa 5 na dakika 23 kwenda juu, saa 7 na dakika 14 kwenda na kurudi. Tarehe 13 Agosti 2014 Karl Egloff, aliyezaliwa Ecuador na baba Mswisi aliyekuwa mwongozaji wa milima, akashusha zaidi: saa 4 na dakika 56 kwenda juu, saa 6 na dakika 42 kwa safari yote. Ni mambo ya kushangaza. Mgeni wa kawaida hutumia siku sita au saba, na wako wanaobebwa kwa machela wakishuka.

Magazeti yaliandika kwamba Egloff ameivunja rekodi ya Jornet, ambaye alikuwa ameivunja ya Mtuy, kana kwamba ni mstari mmoja. Rekodi iliyovunjwa ni ile ya 2004. Wanaotunza rekodi za mbio za milimani siku hizi hutenganisha makundi: aliyesaidiwa njiani, na aliyebeba vyake tangu mwanzo hadi mwisho. Mgawanyo huo haukuwepo kichwani mwa mwandishi yeyote wa mwaka 1889; ungekuwepo, kitabu cha Meyer kingeandikwa vingine.

Mimi, nikiulizwa nani mkubwa kati ya hawa wa zama zetu, namtaja Mtuy wa 2006 mbele ya Egloff na mbele ya Mtuy wa 2004. Egloff ana kasi kuliko wote niliowataja hapa, saa imeshasema, na sioni wa kumpinga. Ninachokitafuta mimi ni mtu ambaye muda wake hauna deni kwa mwingine, na huyu ndiye aliyekaribia zaidi. Anayetaka kunibishia ana hoja moja nzito: njia ya Umbwe yenyewe haikujifyeka, na waliomfungulia Mtuy njia ile msituni hawakupimwa na saa ya mtu yeyote.